C. T. Studd, Bwana Mukubwa wa Ibambi

Wengi wetu tunalijua jina la Ibambi, huko Haut-Uele. Wazee wetu walijua pia jina la Bwana Mukubwa, maana ndivyo walivyomwita Charles Thomas Studd. Tunapofundisha juu ya kujitoa kwa Mungu, huwa tunamtaja kwa sababu ya mali aliyoiacha. Lakini tukiyafuata maisha yake mpaka mwisho, tunaona kwamba mali ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi.

Alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake alikuwa tajiri aliyepata fedha zake kwa mashamba huko India, akaokoka katika mikutano ya Moody, mhubiri kutoka Marekani. Charles naye aliokoka akiwa kijana wa shule, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kriketi, mchezo ule wa Waingereza wa kupiga mpira kwa kigongo. Alikuwa hodari hata akaichezea Uingereza dhidi ya Australia mwaka wa 1882. Miaka kama 6 ilipita hivyo: ameokoka, naye bado ni mali yake mwenyewe. Wakristo wa namna hiyo tunawajua. Wengine wanaimba pamoja nasi kwenye kwaya.

Kisha ndugu yake George akashikwa na ugonjwa mkali, karibu kufa. Charles alikesha kando ya kitanda chake, akaona kwamba sifa na fedha hazina msaada wowote mahali pale. George alipona. Charles akarudi kwa Bwana, na mwezi wa Februari 1885 akasafiri na vijana wenzake 6 kwenda China, kwenye misheni ya Hudson Taylor.

Akiwa kule China alitimiza miaka 25, na kwa agizo la baba yake urithi ukawa wake: karibu pauni 29,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Akamkumbuka yule kijana tajiri wa Injili, akaamua kuzitoa. Konsuli wa Uingereza aliyepaswa kushuhudia karatasi alikataa kwanza, akamwambia aende akafikiri kwa siku 14. Siku zilipotimia Studd alirudi, na karatasi zikatiwa sahihi. Mwezi wa Januari 1887 alituma pauni 5,000 kwa Moody, 5,000 kwa George Müller aliyewalea yatima wa Bristol, na nyingine kwa maskini wa London na kwa Jeshi la Wokovu huko India. Zilipobaki pauni 3,400 alitaka kumpa mchumba wake, Priscilla Stewart, wawe na kitu cha kuanzia nyumba. Priscilla akamkumbusha tena habari ya kijana tajiri. Basi nazo zikaenda kwa Jeshi la Wokovu, wakaoana mwaka wa 1888 mikono mitupu.

Wengi wakihubiri habari zake huishia hapo. Walikaa China mpaka 1894, wakazaa binti 4. Baadaye akachunga kanisa huko kusini mwa India kwa miaka 6, pumu ikimsumbua usiku kucha. Mwaka wa 1908, katika mji wa Liverpool, aliona tangazo kwamba watu wa katikati ya Afrika hawana wa kuwahubiri. Daktari alimkataza kwenda. Wafadhili walijiondoa. Mwaka wa 1913, akiwa na miaka 52, alisafiri na kijana mmoja tu, Alfred Buxton, wakapita Uganda na kuingia Ituri mpaka Niangara.

Priscilla alibaki Uingereza, mgonjwa wa moyo, naye hakufurahia safari hiyo. Hapa hatutaki kusema maneno mepesi. Je, mume akijitoa kwa Mungu, ana haki ya kumtoa na mke wake? Baadaye mama huyu aliinuka kitandani, akaanza kuitafutia misheni watumishi na fedha, akisafiri nchi nyingi. Lakini nyumba yao ilikuwa imevunjika kwa umbali. Tangu alipoondoka Uingereza mwaka wa 1916, Studd hakurudi tena.

Wakristo wa kwetu walikuwa wameambiwa kwamba Mama anashughulika ng'ambo kuwaletea wahubiri. Mwaka wa 1928 akaja mwenyewe Ibambi, kwa siku chache tu. Ndipo walipoelewa: kumbe Bwana Mukubwa ana mke kweli, na wote wawili wameachana kwa ajili yao! Joto lilipokaribia ilimbidi aondoke. Waliagana ndani ya nyumba ya mianzi, wakatoka pamoja mpaka kwenye gari bila kusema neno. Mama alipanda, akatazama mbele. Mwaka uliofuata alifariki, hawajaonana tena.

Tena kulikuwa na jambo ambalo Studd hakuliachilia kwa urahisi: neno lake kuwa la mwisho. Aliwataka wenzake wafanye kazi kama yeye, saa nyingi bila kupumzika, na waliochoka aliwaona kama wamepoa. Aligombana na kamati ya Uingereza. Alitengana hata na Alfred Buxton, ambaye alikuwa amemwoa binti yake Edith. Maumivu yalipozidi alitumia dawa ya morphine, na hilo nalo likaleta maneno. Sisi tunaona kwamba mtu aliyetoa pauni 29,000 kwa mara moja alisumbuka kutoa haki yake ya kushinda mabishano.

Hata hivyo hakuacha kazi. Katika miaka hiyo ya ugonjwa alikaa na kalamu, akatafsiri Agano Jipya katika Kingwana, yaani Kiswahili cha kwetu jinsi kilivyosemwa siku zile msituni. Jumapili yake ya mwisho aliongoza ibada ya saa 5. Alhamisi tarehe 16 Julai 1931 alifariki, akiwa na miaka 70. Walimzika palepale Ibambi, na waliomlilia ni watu waliokuwa wakimsikia akihubiri katika lugha hiyo. Kutokana na kazi yake ikatoka jumuiya ya 16 ya Kanisa la Kristo katika Kongo, CECCA, ambayo wengine wetu tulibatizwa ndani yake.