George Washington Carver na Maabara ya Jalalani

Mwanachuo anaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, jambo la kwanza tunalosikia kwake ni kwamba shule aliyopelekwa haikuwa na vifaa. Hatusemi kwamba analalamika bure. Sisi wenyewe tumepata kusimama mbele ya darasa la watoto wengi, mkononi tuna chaki tu, na somo letu la sayansi likageuka kuwa imla. Watoto walinakili kila neno, wala hawakujifunza kitu.

Leo mwalimu wa shule ya msingi anatakiwa kuwafundisha watoto mabadiliko ya tabianchi: sababu za kuongezeka kwa joto la dunia, za mvua kupotea majira yake, na za mafuriko kufuatana na ukame. Somo hili halifundishiki kwa imla. Linataka mtoto ashike, apime, alinganishe na atengeneze. Kwa ajili hiyo tumeona inafaa tueleze maisha ya mwalimu mmoja aliyefika mahali pa kazi akakuta hakuna kitu, naye akaanzia jalalani.

George Washington Carver alizaliwa mtumwa karibu na kijiji cha Diamond, katika jimbo la Missouri nchini Marekani. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote, kwa kuwa kuzaliwa kwa mtoto wa mtumwa hakukuwa jambo la kuandikwa; wengi hukadiria kuwa ni karibu na mwaka 1864. Alipokuwa bado mchanga, wanyang'anyi waliwateka yeye na mama yake, Mary. Mtoto alipatikana akarudishwa, naye bwana wao, Moses Carver, akamlipa aliyemrudisha farasi mmoja. Mama hakuonekana tena. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, George na kaka yake walibaki wakilelewa na Moses na mkewe, Susan.

Afya yake ilikuwa dhaifu, hata hakuweza kazi nzito za shambani. Basi Susan alimfundisha kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Muda uliobaki mtoto huyo aliutumia porini akichunguza mimea, hata majirani wakawa wanamletea mimea yao iliyonyong'onyea ili aiuguze. Twamwomba mwanachuo aliangalie jambo hili kwa makini. Kazi za mikono ambazo huenda zilionekana duni ndizo zilizomjengea msingi wa sayansi yake yote. Aliyezoea kushona kiraka hujua kwamba nguo iliyochanika bado ni nguo.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Kwa hiyo, angali mdogo, alikwenda mji wa Neosho, mwendo wa zaidi ya kilomita 10, akapokewa na mama mmoja mkunga, Mariah Watkins, na mumewe. Kutoka hapo alihama mji hata mji katika jimbo la Kansas, akijilipia masomo kwa kufua na kupika. Mwaka 1885 chuo kimoja kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na rangi yake ikaonekana, akafukuzwa mlangoni. Miaka mitano ikapita kabla hajaingia chuo kingine, Simpson, katika jimbo la Iowa, alikosoma uchoraji. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, alipoona jinsi alivyochora mimea, alimshauri akasome kilimo katika chuo cha Ames. Alijiunga hapo mwaka 1891 akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza, na mwanzoni hakuruhusiwa kula pamoja na wanafunzi wenzake. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896.

Mwaka huohuo wa 1896 Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, alimwita aje kuongoza idara ya kilimo. Carver aliacha maabara nzuri ya Ames akaenda Tuskegee. Huko hakukuta maabara. Kulikuwa na wanafunzi, wengi wao watoto wa watu waliokuwa watumwa, na nje kulikuwa na mashamba yaliyochakaa kwa kulimwa pamba mwaka hata mwaka.

Carver hakuahirisha somo mpaka vifaa vifike. Aliwachukua wanafunzi wake wakaenda kupekua majalala ya chuo na ya mji, wakakusanya chupa, mitungi, makopo, waya na vyombo vilivyovunjika. Vilisafishwa, vikapangwa, na kila kimoja kikapewa kazi. Chupa iliyokatwa shingo ikawa chombo cha kupimia. Kikombe kizito kikawa kinu cha kusagia. Chupa ya wino iliyotiwa utambi, yaani koroboi kama tunazozijua sisi, ikawa moto wa maabara. Bati lililotobolewa matundu likawa chekeche la udongo. Wanafunzi waliojenga maabara hiyo walijua kazi ya kila chombo kabla hawajafungua kitabu, kwa maana wao wenyewe ndio walioamua chombo hicho kifanye nini.

Mafunzo ya maabara hiyo yaliendelea shambani. Pamba ilikuwa imenyonya rutuba, na mvua ilikuwa inachukua udongo ulioachwa wazi. Mkulima maskini hakuwa na fedha za kununua mbolea ya viwandani. Carver aliwafundisha watu kuokota majani msituni na matope meusi ya mabwawani, kuyachanganya na takataka za shamba na kuyaacha yaoze yawe mboji. Kadhalika aliwahimiza kupokezanisha pamba na kunde, karanga na viazi vitamu. Jamii ya kunde, karanga ikiwamo, hushirikiana na bakteria wa mizizini kuchukua naitrojeni ya hewani na kuitia udongoni. Yaani mbolea ambayo mkulima hakuweza kuinunua ilikuwa juu ya kichwa chake, hewani.

Carver aliandika vijitabu 44 kwa lugha nyepesi. Cha kwanza, cha mwaka 1898, kilieleza jinsi ya kuwalisha mifugo kokwa za mwaloni zilizokuwa zikiozea chini ya miti. Cha mwaka 1905 kilihusu kuufufua udongo uliochakaa. Cha mwaka 1910 kiliandikwa kwa ajili ya walimu wa shule za vijijini, kuwaonyesha namna ya kufundisha maarifa ya viumbe kwa kutumia bustani ya shule. Mwaka 1911 aliandika jinsi ya kupaka nyumba rangi kwa udongo wa palepale kijijini. Na kwa wasiojua kusoma, mwaka 1906 chuo kilianzisha gari la kukokotwa na wanyama, lililochukua mbegu na zana mpaka vijijini, mkulima akafundishwa katika shamba lake mwenyewe.

Ni wajibu wetu pia kusema ambalo Carver hakulifanya, kwa kuwa mwalimu hapaswi kuwapa watoto hadithi badala ya ukweli. Wengi hudai kwamba ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Sivyo; ilijulikana kabla yake. Aliorodhesha mamia ya matumizi ya karanga na viazi vitamu, lakini mengi hayakupata kuuzwa madukani, na hataza alizopewa ni tatu tu. Wala hakuwa hodari wa utawala. Banda la kuku alilokabidhiwa liliendeshwa vibaya, akagombana na Washington mara nyingi, na zaidi ya mara moja akatishia kujiuzulu. Hata hivyo hakuondoka. Alibaki Tuskegee mpaka alipofariki dunia tarehe 5 Januari 1943, akazikwa karibu na kaburi la Washington. Akiba yake, ambayo ilikuwa yapata dola 60,000, aliiacha kwa mfuko wa utafiti alioanzisha chuoni. Mtu aliyehifadhi hata vipande vya kamba vya kufungia vifurushi alikuwa ametunza pia mshahara wake.

Mwanachuo atauliza maisha haya yanahusianaje na tabianchi. Carver hakufundisha somo la jina hilo. Lakini mwaka uleule wa 1896, alipokuwa akipekua majalala ya Tuskegee, mwanasayansi wa Sweden aitwaye Svante Arrhenius alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka angani, joto la dunia litapanda. Wakati huo hewa hiyo ilikuwa chini ya sehemu 300 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo imezidi sehemu 420, na sababu kubwa ni kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kuharibu misitu.

Kazi za mikono za Carver zinaingia hapo moja kwa moja. Kioo huyeyushwa katika tanuri lenye joto linalopita nyuzi 1,400 za Selsiasi. Kila chupa inayotumika tena ni chupa moja ambayo tanuri halikuichomea nishati. Mabaki ya chakula yakizikwa jalalani pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo hutega joto kuliko hewa ya ukaa. Yakigeuzwa mboji yenye kupata hewa, gesi hiyo hupungua sana na udongo hupata chakula. Na udongo wenyewe una kaboni nyingi kuliko anga lote. Anayeulinda udongo anailinda kaboni hiyo isitoke.

Hata hivyo tunapenda kumwonya mwanachuo. Tumeshuhudia masomo ambamo watoto walikata chupa za plastiki, wakazipaka rangi, wakapanda maua, wakapigiwa makofi, na kengele ikalia. Hilo ni pambo. Halijawa somo la tabianchi. Carver hakugeuza chupa kuwa pambo. Aliigeuza kuwa chombo cha kuulizia swali. Zana ya kufaragua hukamilika pale inapompa mtoto jibu ambalo hakuwa nalo alipoingia darasani.

Tutoe mfano mmoja ambao waweza kutumiwa katika darasa la nne au la tano. Kila kundi lilete chupa mbili kubwa za plastiki zilizotupwa. Zikatwe ubavuni ziwe kama mitumbwi, na kazi ya kisu aifanye mwalimu mwenyewe. Zote mbili zijazwe udongo wa kiwanja cha shule kwa kipimo kimoja. Ya kwanza iachwe wazi. Ya pili ifunikwe majani makavu. Zilazwe kwa mwinamo mmoja, midomo ikielekea chini bila vifuniko, na chini ya kila mdomo litegwe kopo. Kisha kopo lililotobolewa matundu kitakoni liwe mvua: maji ya kiasi kilekile yamwagwe juu ya kila chupa.

Kabla ya kumwaga, kila mtoto aandike anachotazamia. Baada ya kumwaga, watoto wapime maji yaliyotoka, walinganishe rangi yake, waache matope yatuame, wapime na matope. Kwa kawaida maji ya chupa iliyo wazi hutoka mengi zaidi na mekundu au meusi kwa udongo. Hapo ndipo mwalimu aeleze kwamba hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na kwamba kwa hiyo mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa. Halafu aulize ni wapi kijijini kwao watoto wameona maji ya rangi hiyo. Hawatakosa jibu.

Lipo pia funzo kutoka hapa petu. Mwaka 1947, miaka minne baada ya Carver kufariki, serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mradi mkubwa mno wa karanga, ukaanzia Kongwa. Matrekta yalifika kabla udongo na mvua havijajulikana vizuri. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikutosha, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Zao lilikuwa lilelile ambalo mwalimu wa Tuskegee alilijaribia katika viploti vidogo mwaka hata mwaka kabla ya kumshauri mkulima yeyote. Mashine za Kongwa hazikuliuliza shamba swali, na swali ndilo lililokosekana.

Basi, ndugu mwanachuo, utakapopelekwa shule isiyo na maabara, usiandike katika andalio lako la somo kwamba vifaa hakuna. Zunguka kwanza nyuma ya majengo, sokoni na kwenye duka la karibu, uone kilichotupwa. Kisha watazame watoto wako, hasa yule aliye dhaifu, asiye na wazazi, ambaye wengine wamekwisha kumkatia tamaa. Mtoto wa namna hiyo alipata kubadilishwa kwa farasi mmoja. Aliyekuja kufaidi kazi yake ni mkulima maskini, na leo sisi tunajifunza kwake jinsi ya kufundisha.