Henry Molaison, mfanyakazi aliyefundisha dunia namna kumbukumbu inafanya kazi

Leo tunaelezea maisha ya mtu ambaye hakukuwa munganga wala profesa. Alikuwa mfanyakazi wa mikono kama sisi.

Henry Molaison alizaliwa tarehe 26 Februari 1926 katika jimbo la Connecticut, Marekani. Wakati alikuwa mtoto, kinga ilimgonga, akaanguka na kuumia kichwa. Nyuma ya ile, kifafa kikaanza. Wengi walifikiri ile ajali njo chanzo, lakini hakuna aliyehakikisha. Alimaliza sekondari mwaka 1947, akafanya kazi kwenye kampuni ya mashini za kuandikia. Kifafa kikazidi kumwangusha, dawa zikashindwa, mwisho hata kazi ikashindikana.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, munganga William Scoville alimpasua kule Hartford. Alitoa, upande wa kushoto na wa kuume, sehemu kubwa ya hipokampusi, kipande cha ubongo kilicho ndani, karibu na usawa wa masikio. Ilikuwa kujaribu tu, sababu kazi ya kile kipande ilikuwa haijajulikana. Kifafa kilipunguka sana. Lakini tangu siku ile kila jambo jipya lilimtoroka Henry. Unaongea naye vizuri, unatoka nje kidogo, unarudi: anakupokea kama mgeni.

Utoto wake alikumbuka, wazazi pia, na lugha hakupoteza. Miaka ya karibu na upasuaji njo ilipotea. Brenda Milner, mtaalamu kutoka Montréal, alikuja kumpima, na mwaka 1957 yeye na Scoville wakatangaza habari hiyo. Milner alimpa pia kazi ya kuchora nyota akiangalia mkono wake ndani ya kioo tu. Kwa siku tatu mkono ulizidi kuzoea, lakini kila siku Henry alisema hajawahi kufanya kazi ile. Kumbe kumbukumbu ya mikono ina njia yake, na ya mambo na matukio ina yake.

Sisi wa shimo tunaweza kuelewa. Mchanga ukitoka chini, hauendi moja kwa moja kwa mnunuzi: kwanza unatwangwa, unaoshwa. Hipokampusi ni kama pale pa kuoshea. Inashika jambo la leo, na polepole, zaidi wakati wa usingizi, inalirudilia na kulikaza katika sehemu zingine za ubongo. Likisha kukaa huko, linadumu. Ndiyo maana Henry alibaki na ya zamani, akakosa ya mupya.

Miaka zaidi ya 50 aliwapokea watafiti kwa upole, kati yao Suzanne Corkin aliyemfuata tangu 1962. Katika vitabu aliitwa H.M. tu. Jina lake lote lilijulikana alipokufa, tarehe 2 Desemba 2008, akiwa na miaka 82. Ubongo wake ulikatwa vipande vyembamba 2.401, ili masomo yaendelee. Scoville mwenyewe alionya waganga wenzake wasirudilie upasuaji ule.

Hapa Beu, jiwe likimwangukia mwenzetu kichwani, anaweza kupona kidonda lakini akasahau aliyoambiwa asubuhi, hata kama mikono yake ingali inajua kushika nyundo. Mara nyingi tunamwita mvivu ao mlevi, na mkubwa wa shimo anamfukuza. Tusifanye vile. Apelekwe kwa munganga, asirudishwe shimoni mbio, na bibi yake aelezwe. Na kofia ngumu si mapambo: tuidai kabla ya kushuka. Henry hakuweza kukumbuka somo alilotupa. Sisi tunaweza, basi tulishike.