Bruce Lee

Bruce Lee (jina la kuzaliwa: Lee Jun-fan, 27 Novemba 1940 – 20 Julai 1973) alikuwa mwigizaji, mwongozaji wa filamu na mwalimu wa sanaa za mapigano mwenye asili ya Kichina, aliyezaliwa Marekani na kukulia Hong Kong. Anafahamika zaidi kwa filamu nne alizozikamilisha akiwa mhusika mkuu: The Big Boss (1971), Fist of Fury (1972), The Way of the Dragon (1972) na Enter the Dragon (1973). Kabla ya hapo Hollywood ilimjua kama msaidizi wa shujaa mwingine, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilikuwa jitihada za kutoka katika nafasi hiyo.

Maisha ya awali

Alizaliwa San Francisco wakati baba yake, Lee Hoi-chuen, mwigizaji wa opera ya Kikantoni, akiwa ziarani huko na kikundi chake. Mama yake, Grace Ho, alikuwa na damu ya Kizungu upande mmoja. Familia ilirudi Hong Kong mwaka 1941, mwaka ambao mji huo ulitekwa na Japani.

Alionekana katika filamu tangu akiwa mtoto mchanga, na alipofikisha miaka 18 alikuwa ameshacheza katika filamu takribani 20. Alijifunza Wing Chun kwa mwalimu Ip Man, na mwaka 1958 alishinda mashindano ya dansi ya cha-cha mjini Hong Kong. Lakini pia alikuwa kijana wa ugomvi wa mitaani, na mwaka 1959 wazazi wake walimrudisha Marekani.

Huko Seattle alifanya kazi katika mgahawa wa Ruby Chow, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Washington. Alifundisha kung fu bila kujali rangi ya mtu. Mwanafunzi wake wa kwanza, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani Mweusi. Mwaka 1964 alimwoa Linda Emery, wakapata watoto wawili, Brandon na Shannon.

Kato

Maonyesho yake katika mashindano ya karate ya Long Beach mwaka 1964 yalimfikisha kwa mtayarishaji William Dozier, aliyempa nafasi katika tamthilia ya televisheni ya The Green Hornet (1966–1967). Alicheza kama Kato, dereva na mtumishi wa mwenye gazeti, ambaye usiku huvaa kinyago na kupambana na wahalifu pamoja na bosi wake, aliyechezwa na Van Williams. Kato hakupewa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari na kupiga watu, ingawa ni mapigo hayo watazamaji waliyoyakumbuka. Katika sehemu moja ya tamthilia ya Batman ilipangwa Kato apigane na Robin. Lee hakukubali kushindwa, na pambano likaishia sare.

Tamthilia ilifutwa baada ya msimu mmoja. Lee alibaki akifundisha mtindo wake mwenyewe, Jeet Kune Do, kwa wanafunzi kama Steve McQueen, James Coburn na Kareem Abdul-Jabbar. Mwaka 1970 aliumia mgongo vibaya. Alifikiriwa pia kwa uhusika mkuu wa tamthilia ya Kung Fu, lakini akapewa David Carradine, mtu asiye na asili ya Kichina. Mara nyingi husemwa kwamba wazo la tamthilia hiyo liliibwa kwake. Hilo halina uhakika, kwani waandishi wake walikuwa nalo tangu miaka ya 1960, na Lee alikuwa na pendekezo lake tofauti.

Hong Kong

Alipozuru Hong Kong alikuta The Green Hornet ikiitwa huko tamthilia ya Kato. Msaidizi ndiye aliyekuwa stelingi. Raymond Chow wa studio ya Golden Harvest alimpa mkataba, na The Big Boss, iliyopigwa Thailand, ikavunja rekodi ya mapato mjini humo.

The Way of the Dragon aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Ni filamu inayosahaulika kwa ucheshi wake kwa sababu watu hukumbuka pambano la Colosseum dhidi ya Chuck Norris. Lee anacheza mshamba kutoka viunga vya Hong Kong anayefika Roma bila kujua lugha. Anaonyesha kidole kwenye orodha ya vyakula, na analetewa mabakuli kadhaa ya supu.

Enter the Dragon ilitengenezwa kwa ushirikiano na Warner Bros. Pembeni yake walikuwapo John Saxon na Jim Kelly, bingwa wa karate Mmarekani Mweusi.

Kifo na baada yake

Tarehe 10 Mei 1973 alizimia studioni na kugundulika ana uvimbe wa ubongo. Tarehe 20 Julai alikunywa dawa ya maumivu ya kichwa, akalala, hakuamka tena. Alikuwa na miaka 32. Uchunguzi uliamua kuwa kifo kilikuwa cha bahati mbaya. Alizikwa Seattle, na Enter the Dragon ikazinduliwa Los Angeles mwezi uliofuata. Afrika Mashariki filamu zake zilionyeshwa katika majumba ya sinema, na baadaye katika mabanda ya video.

Mwaka 1991 mwanawe Brandon aliigiza pamoja na Dolph Lundgren katika Showdown in Little Tokyo, filamu ya polisi wawili wasiofanana: Mzungu aliyekulia Japani, na mwenzake mwenye damu ya Kijapani asiyejua mengi kuhusu nchi hiyo. Brandon alifariki mwaka 1993 kwa ajali ya bunduki akiigiza The Crow, akazikwa kando ya baba yake.

Jackie Chan, aliyekuwa miongoni mwa waigizaji wa matukio ya hatari katika Fist of Fury na Enter the Dragon, alikuja kucheza kama mpelelezi wa Hong Kong pamoja na Chris Tucker katika Rush Hour (1998). Muziki wa filamu hiyo ulitungwa na Lalo Schifrin, mtunzi yuleyule wa Enter the Dragon.