Charles Mochet: Fundi aliyeshinda kwa magurudumu madogo

Ukipita Kawangware au Kibera hukosi fundi wa baiskeli kando ya barabara, na beseni lake la maji la kutafutia panchari. Nyuma yake kuna rimu za kila aina: inchi 20 za BMX, 26 na hata 28 za Black Mamba. Sasa wewe unataka kujiundia baiskeli ya kuegemea, ile unaketi kama uko kwa kiti cha gari, miguu mbele. Utachagua gani? Kwanza mjue Charles Mochet.

Mfaransa huyu, aliyezaliwa 1880, aliunda magari madogo Puteaux, karibu na Paris. Inasimuliwa kwamba mwanawe Georges alipotaka baiskeli, mamake alikataa, akiona ni hatari. Mochet akamuundia kigari cha magurudumu manne cha kukanyaga kwa pedali. Watu wakakipenda, naye akaanza kuuza cha watu wawili, kwa jina Vélocar.

Shida ilikuwa kona. Kikienda kasi, kilikuwa hatari. Mochet akabakisha kiti kile kile, akaunda chombo cha magurudumu mawili.

Magurudumu yenyewe yalikuwa madogo, na si kwa urembo. Kwa baiskeli kama hii miguu hupita karibu na gurudumu la mbele. Likiwa kubwa, kiti na pedali hupanda juu, au visigino vinaligonga ukikata kona. Lakini dogo lina bei yake: la inchi 20 likizunguka mara moja linaenda kama mita 1.6, la 26 kama mita 2.07. Dawa ni gia ya mbele yenye meno mengi zaidi.

Wengi walicheka. Kisha Julai 7, 1933, jijini Paris, Francis Faure, ambaye hakuwa staa mkubwa, aliendesha baiskeli ya Mochet kilomita 45.055 kwa saa moja. Alipita kwa mita 808 rekodi ya Oscar Egg iliyodumu tangu 1914.

Furaha haikukaa. Mwaka wa 1934 chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kiliweka kanuni mpya zilizoifungia nje. Mochet akafariki mwaka huo huo. Georges aliendeleza kazi, na 1939 Faure akapita kilomita 50 kwa saa, safari hii baiskeli ikiwa imefunikwa kukata upepo.

Lakini Faure alikimbia uwanjani, kwa njia laini. Vichochoro vya Kibera vina mitaro na mashimo, na gurudumu dogo huzama haraka. Ndiyo maana waundaji wengi huweka 20 mbele na 26 nyuma: miguu inapata nafasi, na uzito wako unabebwa na gurudumu linaloruka shimo vizuri. Kabla ya kuchomelea fremu, uliza pia kama tairi na tyubu za saizi hiyo zinapatikana mtaani kwenu. Mochet alianza na mtoto wake na kile alichohitaji. Wewe anza na barabara yako.