Coco Chanel alivyogeuza nguo za kuazima kuwa fasheni ya dunia

KUNA herufi mbili za C, zilizopeana mgongo na kushikana katikati, ambazo huwezi kuzikosa mjini. Ziko kwenye mikoba, ndara, hereni na kofia zinazotandazwa kando ya barabara jioni watu wakitoka kazini. Nyingi ni feki, na muuzaji na mnunuzi wote wanajua hivyo.

Alama hiyo ni ya Coco Chanel, na leo jina lake ni kama kisawe cha utajiri. Kumbe mwenyewe alikuwa binti wa mchuuzi wa nguo sokoni, mamake alifulia watu nguo, na yeye akalelewa katika kituo cha mayatima. Mitindo iliyompa umaarufu haikuanzia kwenye hariri. Ilianzia kwenye kofia za bei nafuu, nguo za kabati la wanaume na kitambaa kilichokuwa kikishonewa nguo za ndani za wanaume.

Ikiwa wewe ni kijana unayetaka kutokelezea huku mfuko ukilia, maisha yake yana mengi ya kukufaa. Yana pia sehemu chafu ambazo mashabiki wa fasheni hupenda kuziruka. Hapa hatutaziruka.

Mtoto wa kuhamahama

Jina lake halisi lilikuwa Gabrielle Chanel. Alizaliwa Agosti 19, 1883 mjini Saumur, magharibi mwa Ufaransa, katika nyumba ya kuhudumia maskini iliyosimamiwa na watawa. Babake, Albert, alikuwa mchuuzi wa kuzunguka, leo soko hili, kesho lile, akiuza nguo za kazi na nguo za ndani. Familia ilimfuata, ikihama kila mara na kubanana kwenye vyumba vya kukodi.

Mwaka wa 1895 mamake, Jeanne, alifariki. Gabrielle alikuwa na umri wa miaka 11. Babake aliamua kwamba hawezi kulea. Wavulana walipelekwa kufanya kazi mashambani, nao wasichana watatu wakaachwa kwa watawa wa Aubazine, kijiji kilicho katikati mwa Ufaransa. Baba hakurudi kuwachukua.

Maisha ya Aubazine yalikuwa magumu, lakini huko ndiko alikojifunza kushika sindano. Kila siku aliona mavazi meusi na meupe ya watawa, kuta za mawe zisizo na mapambo na shuka zilizokunjwa vizuri. Wengi walioandika kuhusu maisha yake wanaamini kwamba rangi alizokuja kuzipenda, nyeusi, nyeupe na ya mchanga, zilitoka hapo.

Alipofika miaka 18 alihamia mji wa Moulins. Mchana alishona na kurekebisha nguo dukani, na jioni akaimba kwenye mkahawa uliojaa wanajeshi wa kikosi cha farasi. Sauti yake haikuwa ya kumpeleka mbali, lakini alitoka na jina. Inaaminika kwamba wateja walianza kumwita Coco kutokana na nyimbo alizokuwa akiwaimbia.

Kabati la wanaume

Mmoja wa wanajeshi hao alikuwa Étienne Balsan, kijana wa familia tajiri ya wenye viwanda vya nguo. Alimchukua Coco akaishi naye katika jumba lake la Royallieu, karibu na Compiègne, palipokuwa na farasi, wageni na karamu zisizoisha. Tuseme ukweli: aliishi pale kwa hisani ya mwanamume, na alijua kwamba hisani hiyo ingeweza kuisha siku yoyote.

Wanawake waliofika pale walivaa kulingana na fasheni ya wakati huo. Kiuno kilibanwa kwa koseti hadi kupumua kukawa taabu. Rinda liliburuta chini. Kichwani kulikaa kofia kubwa iliyorundikwa manyoya na maua. Coco hakuwa na hela za kushindana nao kwa lesi, na mwili wake mwembamba haukufaa mitindo ile. Basi akaacha kushindana. Alivaa mashati na tai za kiume, koti lisilobana, na suruali ya kupandia farasi. Kofia alizinunua zikiwa hazina pambo katika duka kubwa la Galeries Lafayette jijini Paris, kisha akazipamba mwenyewe kidogo tu.

Wageni walicheka mwanzoni, halafu wakaanza kumuuliza watapata wapi kofia kama yake. Hapo akaona biashara.

Mwaka wa 1910 alifungua duka la kofia katika barabara ya Cambon, Paris. Mtaji ulitoka kwa Arthur Capel, Mwingereza mfanyabiashara aliyekuwa rafiki ya Balsan na ambaye Coco alimpenda sana. Mwaka wa 1913 alifungua duka jingine Deauville, mji wa pwani ambako matajiri walikwenda kupunga upepo. Huko aliwatazama mabaharia na wavuvi. Walivaa sweta za kujiachia, zisizowazuia kuinama wala kuvuta kamba. Alishona nguo za wanawake kwa wazo hilohilo.

Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka. Matajiri walikimbia Paris wakajazana Deauville. Wanaume walikwenda vitani, wanawake wakaanza kufanya kazi na kutembea kwa miguu, na vitambaa vikawa adimu. Mwaka wa 1916 Chanel alianza kununua kitambaa cha kufumwa kutoka kwa kiwanda cha Rodier, laini na chenye kuvutika kama cha tisheti. Kilikuwa kimekusudiwa nguo za ndani za wanaume, na mafundi wakubwa hawakukitaka. Alikitumia kushonea makoti na sketi zilizofika juu ya kifundo cha mguu. Mwanamke aliyevaa nguo hizo angeweza kupiga hatua ndefu, kuketi na kupumua.

Biashara iliwaka moto. Mwaka wa 1915 alikuwa amefungua tawi Biarritz, karibu na mpaka wa Uhispania. Alimrudishia Capel pesa zake zote. Lakini Capel alioa mwanamke wa tabaka la juu huko Uingereza mwaka wa 1918, na Desemba 1919 akafa katika ajali ya gari. Coco hakuwahi kuolewa maishani mwake.

Nyeusi yatoka matangani

Miaka ya 1920 ndiyo iliyomfanya nyota. Mwaka wa 1921 alitoa marashi yaliyopewa nambari badala ya jina la maua, Chanel No. 5, yaliyotengenezwa na mtaalamu Ernest Beaux. Aliwaacha wanawake wavae lulu bandia pamoja na za kweli bila kuona haya. Alipokuwa na uhusiano na Mtawala wa Westminster, tajiri wa Uingereza, aliazima makoti yake ya twidi, kitambaa kizito cha sufu cha wawindaji, kisha akakigeuza kuwa suti za kike.

Mwaka wa 1926 toleo la Marekani la jarida la Vogue lilichapisha mchoro wa gauni lake jeusi, jepesi, la mikono mirefu, lisilo na mbwembwe. Kabla ya hapo, nyeusi ilihusishwa sana na waliofiwa na wasichana wa kazi. Jarida hilo lililinganisha gauni hilo na gari la Ford, lililokuwa likiuzwa kwa wingi ajabu wakati huo. Walimaanisha kwamba ni nguo ambayo kila mwanamke angeweza kuivaa, popote. Takriban miaka 100 baadaye, gauni jeusi la kawaida bado linavaliwa kwa mahojiano ya kazi asubuhi na kwa mtoko usiku huohuo.

Sehemu ambazo hazipendezi

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Mwanamke huyu aliyetoka chini hakuwa rafiki wa waliobaki chini. Mwaka wa 1936 wafanyakazi kote Ufaransa waligoma wakidai mishahara na masaa bora, na mafundi wa Chanel wakamfungia nje ya karakana yake mwenyewe. Hakuwasamehe haraka. Vita vya Pili vilipoanza mwaka wa 1939 alifunga nyumba yake ya mitindo na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Wako waliosema alikuwa akilipiza kisasi.

Wajerumani walipoiteka Paris, aliendelea kuishi katika hoteli ya Ritz, akawa na uhusiano na afisa wa Ujerumani, Hans Günther von Dincklage. Baya zaidi, mwaka wa 1941 alijaribu kutumia sheria za Wanazi dhidi ya Wayahudi ili kuwanyang'anya washirika wake, familia ya Wertheimer, kampuni ya marashi. Mkataba wa 1924 ulikuwa umempa asilimia 10 tu, na hilo lilimkera kwa miaka. Hakufaulu, kwa sababu familia hiyo ilikuwa imeshaiweka kampuni mikononi mwa mtu asiye Myahudi kabla ya yeye kuchukua hatua. Baada ya Paris kukombolewa mwaka wa 1944 alihojiwa, akaachiliwa, na akaenda kuishi Uswisi.

Kuna jingine, dogo kwa dhambi lakini lenye kuuma. Maisha yake yote Chanel alificha alikotoka. Aliwaambia watu kwamba alilelewa na mashangazi, kwamba babake alikwenda Marekani kutafuta maisha, kwamba alizaliwa miaka 10 baadaye. Kituo cha mayatima hakukitaja. Ukitazama vizuri, karibu kila kitu alichouza kilikuwa na asili katika ufukara ule: sindano ya watawa, rangi zao, nguo zisizo na pambo. Alipata mamilioni kutokana na utoto ambao aliona aibu hata kuutaja.

Arudi akiwa na miaka 70

Mwaka wa 1954, akiwa na umri wa miaka 70, alirudi Paris na kufanya maonyesho mapya. Wakati huo Christian Dior na wenzake walikuwa wamerudisha viuno vya kubana na sketi pana. Magazeti ya Ufaransa yalimponda, yakaona amepitwa na wakati. Lakini wanunuzi wa Marekani walizipenda suti zake za twidi, kwa sababu mwanamke wa ofisini aliweza kuinua mkono na kuchukua faili bila koti zima kupanda.

Februari 1955 alitoa mkoba mdogo wenye mnyororo wa kuning'iniza begani. Mikoba mingi ya kifahari enzi hizo ilishikwa mkononi, naye alichoka kushikilia mkoba na kuusahau kila mahali. Huo ndio mkoba unaoigwa hadi leo mitaani mwetu.

Alifariki Januari 10, 1971 katika chumba chake cha hoteli ya Ritz, akiwa na umri wa miaka 87, katikati ya maandalizi ya mitindo ya msimu uliofuata. Alizikwa Lausanne, Uswisi.

Unabeba nini kutoka kwake?

Tabia zake si za kuiga. Kazi yake unaweza kuisoma kama fundi anavyosoma nguo ya mwenzake: unaangalia mshono, unachukua kinachokufaa.

Kwanza, fungua kabati la nyumbani kabla ya kufungua pochi. Shati la kaka, koti la zamani la baba au sweta ya mjomba likikunjwa mikono na kufungwa mshipi linaweza kuwa luku ya wiki nzima. Yeye alianza hivyo.

Pili, jaribu nguo kwa kutembea. Unapochagua Gikomba au Toi, inua mikono, chuchumaa, piga hatua kama unayekimbilia matatu. Nguo inayokuzuia, hata ikiwa ndiyo trendi ya mwezi huu, utaivaa mara moja tu halafu itakaa.

Tatu, fundi wa mtaa ni rafiki yako. Gauni jeusi lisilo na pambo, likipunguzwa kidogo kiunoni na urefu ukarekebishwa, litakutosha kazini, kanisani na kwenye sherehe. Unachobadilisha ni viatu na mkufu, na mkufu si lazima uwe dhahabu.

Nne, usimwonee haya mwenye kibanda aliyekuuzia. Kuna watu hununua kamera safi ya mtumba kisha wakiulizwa wanasema ilitumwa na binamu kutoka ng'ambo. Chanel alikuwa na pesa, jina na Paris nzima, na bado alikufa akilinda uongo kama huo kuhusu babake, mwanamume aliyeuza nguo sokoni. Ukiulizwa umenunua wapi, sema. Huenda ukampatia mama wa mtumba mteja mwingine.