Hans Wilsdorf: Yatima aliyeihamisha saa kutoka mfukoni hadi mkononi

MWANZONI mwa karne ya 20, mwanamume wa Ulaya aliyevaa saa mkononi alikuwa kichekesho. Saa ya kiume ilikuwa ya mfukoni, nzito, yenye mkufu. Ile ndogo ya kufungwa kwenye kifundo cha mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mafundi nao walishikilia kwamba mtambo mdogo kiasi hicho, unaotikiswa kutwa nzima na kuingiwa na vumbi na jasho, haungeweza kamwe kushika majira sawasawa.

Aliyeikataa hukumu hiyo hakuwa hata fundi wa saa. Hans Wilsdorf, mwasisi wa kampuni ya Rolex, alikuwa mfanyabiashara aliyeanza maisha kwa kupoteza karibu kila kitu.

Alizaliwa Machi 22, 1881 katika mji wa Kulmbach, jimbo la Bavaria, Ujerumani, katika familia iliyojimudu kwa biashara ya vifaa vya chuma. Alipotimu umri wa miaka 12, wazazi wake wote wawili walikuwa wamefariki. Jamaa waliochukua malezi waliiuza biashara hiyo na kumpeleka kijana huyo katika shule ya bweni mjini Coburg. Waswahili husema yatima hadeki, na Wilsdorf hakudeka. Aliyakumbatia masomo ya hesabu na lugha, na ni lugha zilizomfungulia mlango wa riziki.

Baada ya kufanya kazi kwa mfanyabiashara wa lulu mjini Geneva, alihamia La Chaux-de-Fonds mwaka 1900, mji wa Uswisi uliokuwa kitovu cha utengenezaji wa saa. Aliajiriwa na kampuni ya Cuno Korten kama karani wa barua za Kiingereza kwa mshahara wa faranga 80 kwa mwezi. Pamoja na ukarani, alipewa jukumu la kuzijaza ufunguo mamia ya saa za mfukoni kila siku na kuchunguza iwapo zilienda sawa. Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo iliyokuwa chuo chake. Alijifunza tofauti kati ya saa nzuri kwa macho na saa nzuri kwa kazi.

Mwaka 1903 alihamia London, na mnamo 1905, akiwa na umri wa miaka 24, akaanzisha kampuni ya Wilsdorf & Davis pamoja na shemeji yake, Alfred Davis. Kampuni hiyo haikuunda mitambo. Iliinunua kutoka Uswisi, hasa katika karakana ya Aegler mjini Biel iliyosifika kwa mitambo midogo yenye usahihi, kisha ikawauzia wenye maduka Uingereza.

Wilsdorf alikuwa ameona jambo ambalo wakongwe wa biashara walilipuuza. Katika vita vya Waingereza na Makaburu kule Afrika Kusini, vya 1899 hadi 1902, maafisa wa jeshi walizifunga saa zao mkononi kwa mikanda ya ngozi, kwa sababu askari aliyeshika bunduki hana nafasi ya kupapasa mfuko. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba saa hizo zingeweza kuaminiwa.

Kwanza alitafuta jina. Alitaka neno fupi, lisilosumbua ulimi wa taifa lolote, na linaloenea usoni mwa saa. Mwaka 1908 akasajili jina Rolex. Wenye maduka wa Uingereza hawakulifurahia, kwani desturi yao ilikuwa kuandika majina yao wenyewe kwenye saa walizoziuza. Wilsdorf hakugombana nao. Alianza kulipachika jina lake kwenye saa moja katika kila sita, akaongeza idadi hatua kwa hatua, hadi saa zote zikawa zake.

Kisha akatafuta ushahidi. Mnamo 1910 saa yake ya mkononi ilipata cheti cha usahihi kutoka kituo cha upimaji cha Biel. Julai 1914, kituo cha Kew nchini Uingereza kilimpa cheti cha daraja A baada ya kuijaribu saa nyingine kwa siku 45, katika mikao na viwango mbalimbali vya joto. Majaribio ya aina hiyo yalizoeleka kwa saa kubwa za mabaharia. Dhihaka dhidi ya saa ndogo ikakosa mashiko.

Majuma machache baadaye, Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka. Vita viliwafundisha maelfu ya wanajeshi kuvaa saa mkononi, lakini pia vilimtia Wilsdorf mashakani. Alikuwa mzaliwa wa Ujerumani mwenye jina la Kijerumani katika nchi iliyokuwa ikipigana na Ujerumani. Mwaka 1915 jina la Wilsdorf & Davis liliachwa, ikawa kampuni ya Rolex. Mwaka huo huo, serikali ya Uingereza ilitoza saa kutoka nje ushuru wa theluthi moja ya thamani yake. Hatimaye Wilsdorf alihamia Geneva, ambako kampuni ilisajiliwa upya mwaka 1920.

Adui aliyesalia alikuwa maji. Wilsdorf alinunua haki za uvumbuzi wa Waswisi wawili, Perregaux na Perret, waliobuni kifungo cha kujazia kinachokazwa kama skurubu. Mwaka 1926 akatoa saa iliyofungwa barabara pande zote, akaiita Oyster, yaani chaza, yule kiumbe wa baharini anayejifungia ndani ya kombe lake.

Oktoba 1927, Mercedes Gleitze alikuwa Mwingereza wa kwanza wa kike kuogelea na kuuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Mwanamke mwingine alipodai kumpiku, kisha akakiri kuwa alidanganya, shaka iliwaangukia waogeleaji wote. Gleitze akaamua kurudia safari Oktoba 21, huku akiwa amening'iniza saa ya Oyster shingoni. Baridi ilimshinda baada ya saa zaidi ya 10, akaopolewa kabla ya kufika. Saa haikushindwa. Novemba 24, Wilsdorf alilipia ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail kuitangaza habari hiyo. Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye aliamini kwamba hata chema sharti kitembezwe.

Mwaka 1931 kampuni yake ilitoa saa inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Hakuwa wa kwanza, kwani Mwingereza John Harwood alimtangulia katika miaka ya ishirini. Mtambo wa Rolex, hata hivyo, ulikuwa na kipande kizito kinachozunguka duara kamili, mfumo ambao baadaye ulienea kote.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wilsdorf aliwauzia saa Waingereza waliozuiliwa katika kambi za wafungwa za Ujerumani, kwa sharti kwamba wasilipe hadi vita viishe. Mfungwa asiyejua kama angeiona kesho alipewa deni la baada ya vita.

Mkewe, Florence, alifariki mwaka 1944. Hawakujaaliwa mtoto. Mwaka uliofuata Wilsdorf alianzisha wakfu wenye jina lake na kuukabidhi hisa zake zote, ili kampuni isije ikauzwa na warithi. Yeye aliyeshuhudia biashara ya baba yake ikiuzwa alihakikisha yake haitauzwa. Alifariki mjini Geneva Julai 6, 1960, akiwa na umri wa miaka 79, na wakfu huo ungali unaimiliki Rolex.

Mwaka 2017, saa ya Rolex aina ya Daytona aliyokuwa nayo mwigizaji Paul Newman ilinadiwa New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Haikuwa ya dhahabu, bali ya chuma kisichoshika kutu. Wilsdorf hakuiona kamwe aina hiyo, kwani ilitoka mwaka 1963. Lakini neno lililoandikwa usoni mwake ni lile lile ambalo wenye maduka wa London walikuwa wamelikataa.