Elgar: Mtunzi maarufu aliyeanzia bendi ya wahudumu wa hospitali

SIR Edward Elgar anakumbukwa kwa muziki wa gwaride na wa sherehe za kifalme nchini Uingereza. Ni wachache wanaofahamu kwamba aliingia katika uongozi wa muziki kupitia bendi ya wahudumu wa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Alizaliwa Juni 2, 1857 katika kijiji cha Broadheath, karibu na mji wa Worcester. Babake alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano na mwenye duka la ala za muziki. Duka hilo ndilo lililokuwa chuo cha kijana huyo. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akatamani kwenda Leipzig, Ujerumani, kusomea muziki, lakini fedha hazikupatikana. Alijaribu kazi katika ofisi ya wakili, ikamchosha upesi.

Baadaye akaunda pamoja na wenzake kikundi cha wapulizaji watano. Wawili walipuliza fluti, mmoja klarineti, mdogo wake Frank oboi, naye Elgar akajifunza basuni. Walikuwa wakikutana katika kibanda kilichokuwa nyuma ya duka. Kwa kuwa muziki uliotungwa kwa mchanganyiko huo wa ala ulikuwa adimu, ilimbidi autunge mwenyewe.

Mnamo Januari 1879 akateuliwa kuongoza bendi ya hospitali ya Powick, nje kidogo ya Worcester. Madaktari wa huko waliamini kwamba muziki uliwafaa wagonjwa, na kila Ijumaa dansi iliandaliwa kwa ajili yao. Wanabendi hawakuwa wanamuziki wa kuajiriwa bali wahudumu wa wodi, na ala zao zilikusanyika bila mpango: fluti, klarineti, tarumbeta ndogo mbili, tarumbeta kubwa za sauti nzito, fidla na piano. Kiongozi mwingine huenda angalikata tamaa. Elgar alimfunza kila mmoja ala yake, kisha akatunga polka na kwadrili kwa kuzingatia uwezo wao. Mshahara wake ulikuwa takriban pauni 30 kwa mwaka, na kila polka ilimletea shilingi tano zaidi.

Alidumu huko hadi 1884. Nionavyo, miaka hiyo ilimpa kile ambacho Leipzig isingempa kwa urahisi. Alichoandika wiki hii alikisikia wiki ijayo, kikipigwa na watu wenye pumzi fupi na vidole vizito, mbele ya wachezaji dansi wasiojua kusingizia furaha.

Umaarufu ulichelewa. Utunzi wake wa Enigma Variations ulipigwa kwa mara ya kwanza London mwaka wa 1899, naye akiwa na umri wa miaka 42. Mwaka wa 1904 Mfalme Edward VII akamtunuku cheo cha Sir.

Hata hivyo, uzeeni aliwarudia wapulizaji wa ridhaa. Mnamo 1930 alitoa Severn Suite kwa ajili ya mashindano ya kitaifa ya bendi za tarumbeta katika ukumbi wa Crystal Palace, London. Mto Severn unapita Worcester, mji wa utoto wake. Bendi iliyotwaa ushindi ilikuwa ya Foden's, kiwanda cha malori.

Elgar alifariki Februari 23, 1934, akazikwa Little Malvern, kando ya mkewe Alice. Hospitali ya Powick ilifungwa mwaka wa 1989, lakini zile polka zimehifadhiwa, na zimerekodiwa.